Jiwe Kwenye Ndoo Tupu

Trekta la Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, lina pedali mbili za breki zilizokaa sambamba chini ya mguu wa kulia. Moja hukamata gurudumu la nyuma la kushoto, nyingine la kulia. Barabarani pedali hizo huunganishwa kwa kipande cha chuma ili zikanyagwe pamoja. Shambani huachanishwa, na dereva mzoefu huzitumia kwa mambo mawili: kugeuza trekta mahali pafinyu, na kujinasua. Gurudumu la kushoto likianza kuzunguka bure kwenye tope, hukanyaga breki ya kushoto peke yake, taratibu, na trekta likasogea kwa nguvu ya gurudumu la kulia.

Anayeliona jambo hilo mara ya kwanza hustaajabu. Breki ni kifaa cha kusimamisha, imewezaje kusukuma? Jibu la swali hilo linaeleza pia kazi ya ile taa ya njano, yenye picha ya gari na mikwaruzo miwili ya tairi chini yake, inayomemeteka kwenye dashibodi ya gari la kisasa linapoanza kuteleza. Taa ikimemeteka, kompyuta inafanya kwa haraka sana kile ambacho mguu wa dereva wa trekta ulikifanya kwa hisia. Madereva wengi wameambiwa kwamba mfumo huo unahamisha nguvu kutoka gurudumu linaloteleza na kuipeleka kwenye lenye mshiko. Maelezo hayo ni mepesi kukumbuka, lakini yanamwacha dereva bila msaada siku gari linapogoma, kwa sababu hakuna nguvu inayohama. Kinachotokea ni kingine, nacho kinastahili kueleweka na kila anayeendesha gari kwenye barabara za udongo.

Tuanze na difu, seti ya gia inayogawa nguvu ya injini kati ya magurudumu mawili. Magurudumu mawili ya ekseli moja hayawezi kufungwa kwenye chuma kimoja kisichopinda, kwa sababu kwenye kona gurudumu la nje husafiri njia ndefu kuliko la ndani. Gari ambalo magurudumu yake yameachana mita moja na nusu, likizunguka duara lenye nusukipenyo cha mita sita, hulilazimisha gurudumu la nje kuzunguka haraka kuliko la ndani kwa karibu asilimia 29. Bila difu tairi zingejikwangua barabarani kwenye kila kona na ekseli zingekatika mapema. Ndani ya difu mna gia mbili za pembeni, kila moja imeshika ekseli yake, na katikati yake gia ndogo ambazo mafundi huziita spaida. Gari likienda moja kwa moja, spaida hazijizungushi. Huzisukuma gia za pembeni zote mbili kwa pamoja. Kwenye kona hujizungusha, na mwendo unaopungua upande mmoja huongezeka upande wa pili kwa kiasi kilekile.

Uhuru huo wa mwendo una sharti lake upande wa nguvu. Spaida hufanya kazi kama mti wa mzegazega. Mchukuzi wa maji huweka mti begani, ndoo moja huku na nyingine kule, na mti hutulia pale tu pande mbili zinapolingana. Ndoo moja ikijaa na nyingine ikabaki tupu, mti hupinduka. Bega liwe na nguvu kiasi gani, ndoo iliyojaa haitanyanyuka. Vivyo hivyo spaida haiwezi kuisukuma gia ya kulia kwa nguvu kubwa kuliko ile inayokutana nayo kwenye gia ya kushoto. Ikijaribu, inajizungusha tu mahali pake. Kwa hiyo difu ya kawaida hugawa nguvu ya kuzungusha nusu kwa nusu wakati wote, na ukubwa wa kila nusu huamuliwa na gurudumu dhaifu.

Tarakimu zitalifanya jambo hili lishikike. Nguvu ya kuzungusha hupimwa kwa nyutonimita: kilo moja ikining'inizwa mwisho wa spana yenye urefu wa sentimita kumi huizungusha nati kwa takribani nyutonimita moja. Tuseme gurudumu la kushoto limekaa kwenye tope linaloweza kupokea nyutonimita 200 tu kabla ya kuteleza, na la kulia limekaa kwenye changarawe kavu inayoweza kupokea 1,500. Kwa kuwa kushoto ni 200, kulia nako ni 200. Jumla 400. Kama gari linahitaji 1,200 ili litoke shimoni, halitoki, hata kama injini ina uwezo mara tano ya huo. Dereva akizidi kukanyaga mafuta, ziada yote inaishia kuliongezea kasi gurudumu la kushoto, nalo linachimba. Kwenye difu yenyewe hakuna hitilafu yoyote: inafanya hasa kazi iliyoundiwa.

Sasa breki ya kushoto ikamate kwa nyutonimita 1,000. Gia ya kushoto ya difu haitofautishi kati ya udongo na pedi za breki. Kwake vyote ni upinzani. Inapingwa kwa 1,200: mia mbili za tope na elfu moja za breki. Spaida imepata pa kuegemea, na papo hapo inaisukuma gia ya kulia kwa 1,200 nayo. Changarawe inazipokea zote. Ardhini zinafika 1,400, na gari linatoka. Mchukuzi ametia jiwe kwenye ndoo tupu ili ndoo iliyojaa inyanyuke.

Jiwe hilo lina uzito wake, na bega ndilo linaloubeba. Ili ardhi ipate 1,400, mitambo imelazimika kutoa 2,400, na zile 1,000 za breki zimegeuka joto. Kama gurudumu la kushoto linazunguka mara mbili kwa sekunde, joto hilo ni zaidi ya kilowati 12, sawa na birika sita za umeme zinazochemka kwa wakati mmoja ndani ya diski moja ya chuma. Mtu akiishika hesabu hii, karibu kila tabia ya mfumo itamwelea: kwa nini gari lenye injini ndogo huonekana kulemewa, kwa nini gia nzito ya chini inasaidia, na kwa nini baada ya kuhangaika kwa muda mfumo hujitoa kazini.

Hesabu hiyohiyo inajibu mjadala wa zamani kuhusu handbreki. Wapo madereva wanaoivuta nusu pale gurudumu moja la nyuma linapozunguka bure, wakitarajia faida ileile. Lakini handbreki hukamata magurudumu yote mawili sawasawa. Nguvu inayouongezea upande dhaifu ndiyo inayounyang'anya upande mzima, na ardhini zinafika 200 na 200 kama mwanzo. Mawe yametiwa kwenye ndoo zote mbili. Handbreki inaweza kulituliza gurudumu lisizunguke kwa fujo, na hilo lina manufaa kidogo, lakini siri ya trekta ilikuwa kwenye kutenganisha kushoto na kulia.

Kutenganisha huko ndiko kulikosubiri elektroniki. Mwaka 1978 Bosch na Mercedes-Benz walianza kuuza gari la S-Class lenye breki za ABS, ambazo huzuia gurudumu lisijifunge dereva anapokanyaga breki kwa nguvu. Ndani ya sanduku la ABS lililokuja kuzoeleka, kila gurudumu lina vali mbili za umeme: moja huzuia presha ya mafuta ya breki isiingie, nyingine huitoa. Magurudumu manne, vali nane. Pampu ndogo hurudisha mafuta yaliyotolewa. Mfumo huo uliweza kuchezea kila gurudumu peke yake, lakini ulikuwa na mpaka: ungeweza kupunguza tu presha iliyotoka kwenye mguu wa dereva. Mguu usipokanyaga, hakuna cha kupunguza.

Mpaka huo ulivukwa kwa nyongeza ndogo. Kila njia ya mafuta, na gari huwa na mbili, iliongezewa vali mbili zaidi. Ya kwanza hufunga mlango wa kuelekea mastasilinda, ili presha isirudi kwenye pedali. Ya pili huiruhusu pampu ivute mafuta kutoka huko huko mastasilinda na kuyasukuma kwenye kalipa ya gurudumu linaloteleza, huku vali za magurudumu mengine zikibaki zimefungwa. Vali nane zikawa kumi na mbili, na gari likaweza kujifunga breki ya kushoto wakati mguu wa dereva uko kwenye mafuta. Mlio wa kukwaruza unaosikika chini ya boneti gari linapohangaika kwenye tope ni wa pampu hiyo na vali zake, pengine ukifuatana na mtetemo kwenye pedali. Wengi wakiusikia hudhani kitu kimevunjika, wakaachia mafuta. Hilo ndilo kosa la kwanza, nami nitalirudia.

Mwaka 1995 vali hizohizo zilipewa kazi ya tatu, ya kulizuia gari lisizunguke kwenye utelezi, na kazi hiyo ndiyo iliyovifanya vifaa hivi vienee duniani. Marekani ilivilazimisha kwa magari yote mapya madogo kuanzia matoleo ya mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari yote mapya kuanzia Novemba 2014. Japani nayo ikaweka sharti lake katika miaka hiyohiyo. Gari likishakuwa na pampu, vali na sensa kwa ajili ya usalama, kilichobaki kwa ajili ya tope ni mistari ya programu. Ndiyo maana hata gari dogo la mjini, ambalo halikuundwa kuiona barabara ya udongo, linafika Mombasa au Dar es Salaam likiwa na uwezo huu. Kenya, ambayo hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, sasa inapokea karibu magari ya kizazi hicho pekee.

Kazi ngumu iliyobaki ni ya kuamua. Kila gurudumu lina sensa inayohesabu meno ya pete, au sumaku ndogondogo zilizopangwa kwenye duara, na kuiambia kompyuta kasi ya gurudumu hilo. Gurudumu linalokwenda kasi kuliko mwenzake huenda linateleza, au huenda liko upande wa nje wa kona. Tumeona kwamba kona kali peke yake inaweza kuleta tofauti ya asilimia 29, kwa hiyo kompyuta husoma pia pembe ya usukani, na kwenye mwendo mdogo huvumilia tofauti kubwa zaidi kabla ya kukamata. Uvumilivu huo una bei: gurudumu lazima lianze kuzunguka bure ndipo lisaidiwe. Kufuli ya difu, ambayo huunganisha ekseli mbili kimakanika kabla ya gari kuingia kwenye tope, haina kuchelewa huko. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaonata na kufunga tairi kama gamba, nusu duara ya ziada ya mzunguko inatosha kulizamisha gurudumu sentimita kadhaa.

Kwenye gari la magurudumu mawili ya kusukuma, kompyuta ina rejea ya kuaminika: magurudumu mawili yasiyosukuma huiambia mwendo halisi wa gari. Kwenye gari la magurudumu manne ya kusukuma rejea hiyo haipo, kwa kuwa yote manne yanaweza kuwa yanateleza. Hapo programu hulazimika kukisia kwa gurudumu lililo la polepole kuliko yote na kwa kifaa kinachopima jinsi gari lenyewe linavyoongeza mwendo. Ubora wa gari moja dhidi ya jingine kwenye matope uko hapa zaidi kuliko kwenye ukubwa wa injini.

Magurudumu manne yanabadilisha pia hesabu ya jiwe, na kwa uzuri. Gari lenye difu tatu zisizo na kufuli, ya mbele, ya nyuma na ya kati, linaweza kusimamishwa na gurudumu moja lililo hewani, maana udhaifu wa ndoo moja unapanda hadi kwenye mti mkuu na kushuka upande wa pili. Lakini breki ikilikamata gurudumu hilo moja kwa nyutonimita 1,000, magurudumu matatu mengine yote yanapata uwezo wa kusukuma kwa 1,000 kila moja. Jiwe moja linanyanyua ndoo tatu. Magurudumu mawili ya mshazari yakining'inia, kama inavyotokea gari likivuka mfereji kwa upande, mawe yanakuwa mawili kwa ndoo mbili, na gharama inapanda.

Hesabu hiyo iliwashawishi watengenezaji kwamba kufuli hazihitajiki tena. Mercedes-Benz ilileta M-Class mwaka 1997 ikitegemea breki pekee mahali pa kufuli. Land Rover, ilipozindua Discovery ya pili mwaka 1998, iliacha kuweka fimbo ya kufungia difu ya kati. Kwenye miamba na mashimo magari hayo yalifanya vizuri. Kwenye tope refu, ambako breki hulazimika kukamata dakika baada ya dakika, joto ndilo lililotoa hukumu, na kabla Discovery hiyo haijaacha kutengenezwa mwaka 2004 fimbo ilikuwa imerudishwa. Kwa maoni yangu hilo ni somo la haki kwa teknolojia zote mbili. Breki inashinda pale tatizo ni la sekunde chache na linahama kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kufuli inashinda pale tatizo ni la kilomita.

Kuna pia mahali ambapo breki haina la kufanya. Magurudumu yote ya kusukuma yakiwa kwenye utelezi uleule, ndoo zote ni tupu na jiwe halisaidii. Hapo kompyuta hutumia silaha yake ya pili, kuipunguza injini, na kwenye lami yenye maji ni uamuzi sahihi. Kwenye mchanga mkavu ni uamuzi mbaya, kwa sababu mchanga hutaka magurudumu yaendelee kuzunguka na gari lisipoteze mwendo. Madereva wa Oman wanaopanda vilima vya mchanga vya Wahiba hupunguza upepo wa tairi na kubonyeza kitufe cha kuzima mfumo kabla ya kuanza kupanda. Inafaa kujua kwamba kwenye magari mengi kitufe hicho huondoa tu ule ukataji wa injini, huku ukamataji wa breki ukibaki kazini.

Nirudi kwenye mguu wa dereva. Kwa kuwa breki inakula sehemu kubwa ya nguvu, injini lazima iendelee kuitoa. Dereva anayeachia mafuta mara tu asikiapo mlio, kisha akakanyaga tena kwa pupa, huilazimisha kompyuta kuanza upya kila mara: gurudumu lizunguke, litambuliwe, likamatwe, liachiwe. Kinachofaa ni mafuta ya wastani yasiyobadilika, gia ya chini kabisa iliyopo, na subira ya sekunde mbili au tatu hadi gurudumu zima lishike. Kwenye gari linalosukuma kwa mbele, usukani utavuta upande mmoja, kwa sababu gurudumu moja linasukuma zaidi ya mwenzake. Ushikwe kwa mikono miwili.

Linalonihuzunisha ni jinsi mfumo huu unavyokufa kimya kwenye barabara zetu. Gari hufika likiwa zima. Kisha hufungwa tairi za vipimo tofauti, na ile ndogo, ambayo lazima izunguke haraka zaidi, huonekana kwa kompyuta kama inateleza siku zote. Kisha beringi ya gurudumu hubadilishwa. Kwenye magari mengi ya sasa sumaku za sensa zimo ndani ya sili ya beringi, upande mmoja tu, na beringi ikiingizwa kinyume itazunguka vizuri lakini sensa haitasoma kitu. Taa ya ABS inawaka, fundi anaambiwa aizime, na waya au fyuzi inachomolewa. Breki za kawaida zinabaki, kwa hiyo mwenye gari haoni tofauti yoyote hadi masika. Fundi anayejua huipitisha beringi mpya karibu na karatasi yenye chembe za chuma kabla ya kuigonga, akaona upande upi una sumaku. Ni kazi ya nusu dakika.

Mafuta ya breki yanasahaulika zaidi ya yote. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo, na kiwango kinachokubaliwa yakishalowa hushuka hadi nyuzi 155. Kompyuta hukadiria joto la diski kwa kuhesabu kazi ambayo breki imefanya, na ikiona limezidi huacha kukamata. Haijui umri wa mafuta yaliyomo kwenye bomba. Gari likipanda kilima chenye udongo mwekundu ulioloa, tuseme huko Usambara, breki ya gurudumu moja la mbele inaweza kuwa imefanya kazi njia nzima wakati dereva hajaigusa pedali hata mara moja. Juu ya kilima mteremko unaanza, na kalipa hiyohiyo, ikiwa bado na moto wake na mafuta ya miaka sita ndani, sasa inatakiwa kulizuia gari.